Uboho Usiohitajika

Jumanne, 3 Machi 1987

Daktari Ngeleka ametuita kwa ajili ya Elise, mdogo wetu. Mifupa yake imeacha kutengeneza damu — ndiyo maana pua inamtoka damu kila asubuhi. Dawa iko Ubelgiji: kuchukua uboho wa ndugu na kumtilia yeye. Bila hivyo hatuna Elise tena. Amesema wazi.

Nilileta ndugu, basi. Watoto wa baba wadogo, mashemeji, hata mmoja wa kijiji chetu cha Kasai. Ukumbi ulijaa. Daktari akauliza nani ni wa baba mmoja na mama mmoja na Elise. Tukabaki wawili: mimi na mdogo wangu Kalombo, aliyekuja kwa treni kutoka Tenke.

Kupima ni kupoteza wakati tu. Ni mimi! Tangu utoto watu wanatuita pacha, mimi na Elise. Paji lile lile, pengo la meno lile lile. Kalombo hafanani na mtu yeyote.

Alhamisi, 5 Machi

Matembele asubuhi, matembele jioni, kuongeza damu. Katikati, nyanya za kopo zilizokorogwa na maziwa ya Nido. Kazi yangu ni kuchukua sampuli za mawe mtamboni na kuzipeleka maabara. Kule wanatafuta teneur, yaani shaba ni kiasi gani ndani ya jiwe. Jiwe tajiri linasifiwa, jiwe maskini linatupwa. Damu itakuwa vivyo hivyo. Kesho sampuli yangu itawashangaza Wabelgiji.

Henriette, mke wangu, ananitazama nikitafuna. "Unakula ao unajaza kiroba?" Hajui sayansi.

Kalombo anavuta sigara uani, hali kitu. Nimemhurumia.

Ijumaa, 6 Machi

Sindano ndogo tu, ya mkononi. Nilianguka. Hapana — nilikaa chini polepole, kwa heshima. Kalombo alinishika bega. Nilimwambia ni matembele yaliyozidi.

Damu imepanda ndege kwenda Brussels.

Jumapili, 22 Machi

Baada ya misa majirani wa mtaa wetu wa Manika walijaa kwetu kuniaga, ingawa majibu bado. Kila mmoja ana lake nimletee kutoka Bulaya: viatu, saa, wigi. Fundi amenishonea abakosti mpya, suti ya kijivu isiyo na tai. Kampuni yetu ya mgodi italipa tiketi mbili, ya mgonjwa na ya mtoaji, na mtoaji hawezi kushuka uwanja wa ndege wa Zaventem kama mchimba mtaro.

Wakauliza nitafanywa nini kule. Sikujua. Nikawaeleza. Wanakulaza kifudifudi, nikasema, wanakutoboa nyonga kwa perforatrice, mashine kama ile ya kutobolea miamba mgodini, mfupa unalia, na hakuna dawa ya usingizi. Wamama walishika vichwa. Hadithi yangu ilipendeza sana. Kalombo, aliyekuja kumwona Elise, hakumaliza bia yake.

Jumatatu, 6 Aprili

Majibu.

Mimi na Elise hatuna hata alama moja ya pamoja. Daktari alieleza taratibu. Kila mtoto anachukua nusu kwa baba, nusu kwa mama, lakini si nusu zile zile. Alama hizo ziko kwenye chembe za mwili, na askari wa damu wanazitazama kujua nani wa nyumbani, nani mgeni. Uboho wangu ungeingia kwa Elise, ukamwona mgeni, ukampiga vita ndani ya mwili wake mwenyewe. Sura ni jambo lingine.

Nikauliza kwa sauti ndogo kuhusu teneur. Akasema, teneur gani? Nikasema basi.

Mama yetu, aliyekuja nasi, alikuwa ameshasimama. "Docta, aba batoto, mi nilibazala bote na bwana moya."

"Mama, hakuna mutu anasema ingine. Batoto ba nyumba moya banaweza kufanana yote, ao nusu, ao hata kidogo. Damu iko vile."

Kalombo je? Alama zote. Zote! Kalombo na sigara zake.

Nililia njiani. Nilidhani ni furaha kwa ajili ya Elise, na kweli ilikuwa furaha. Lakini sehemu ya machozi ilikuwa ya abakosti.

Jumamosi, 11 Aprili

Kalombo hakuja kusaini karatasi. Nimemfuata Tenke, nikamkuta nyuma ya nyumba.

"Yaya," akasema, kwetu ndiyo kaka mkubwa, "mi siende."

"Juu ya nini?"

"Weye mwenyewe ulisema. Banatoboa na perforatrice."

Nikamwambia sijaona kitu, nilijitungia mbele ya watu. Akasema leo ninageuza maneno kwa sababu mfupa ni wake. Nikamwambia Elise atakufa.

"Minajua. Minamupenda kupita weye. Lakini nikilala, ile mashini inaingia." Alikuwa analia, mwanamume mzima. Kisha akajipangusa. "Bakutoboe weye kwanza, mi nione na macho yangu. Ukinyamaza, naenda."

Jumatatu, 13 Aprili

Nimemwomba daktari anitoboe mfupa mbele ya Kalombo. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Sindano ya mfupa anayo, ndiyo aliyompimia Elise. "Uboho wako hauna kazi kwangu, citoyen," akasema; hapa kwetu sote ni citoyen, wananchi.

"Una kazi kwa Kalombo," nikasema. Neno langu la kwanza lenye akili mwaka huu.

Jumanne, 14 Aprili

Naandika kwenye korido. Nimevaa abakosti, Henriette alisema angalau ione hospitali moja. Kule Ubelgiji Kalombo atalazwa usingizi. Hapa wanatia ganzi ngozi tu, na uboho ukivutwa unausikia. Yaani nitaumia kumpita yeye, bure.

Nimepita wodini kwa Elise. Fizi zinatoka damu, ndege ni keshokutwa. Alipopata habari alicheka, kitambaa mdomoni. "Yaya, usianguke." Nimemwahidi.

Muuguzi ametoka na trei. Ananiita. Sindano ni ndefu. Kalombo yuko mlangoni, kofia kichwani, mguu mmoja tayari nje. Nasimama. Magoti yananicheza ndani ya suruali mpya, na Kalombo haitazami sindano. Anatazama magoti yangu.