Vikombe Vinang'aa

Pasiansi, Mwanza
Agosti 1995

Mama, shikamoo.

Majivu ya maganda ya ndizi uliyonitumia yamefika. Nimesugulia vikombe, nikavisuuza kwa maji ya ndimu, vinang'aa. Hizi sabuni za unga zilizojaa madukani siku hizi haziyafikii. Mchaichai uliopanda mlangoni nao umestawi. Chai yake inanukia hadi kwa jirani.

Ila tangu tumzike mume wangu Mutayoba, na watu kujua ugonjwa uliomuua, hakuna anayekunywa kwangu. Jumapili wifi Bernadetta alikuja kunisalimia. Nilipoleta chai akatoa kikombe chake mkobani.

“Wifi, nimiminie humu.”

Nikamimina.

Mama, ukija, njoo na ndizi, njoo na majivu mengine. Kikombe usibebe.

Mwanao,
Prudencia