Baiskeli Tuliyopokezana

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti la shemeji limepoa, na wajukuu hawajaibomoa nyumba kwa kelele. Mimi nipo. Pumzi inanijia kama kwa mtu anayepanda mlima, na mwandiko, kama unavyoona, ni wa kuku aliyekanyaga wino. Mjukuu wangu alijitolea kuniandikia nikamkatalia, kwa sababu yaliyomo humu yanakuhusu wewe kwanza. Nimekuficha jambo kuhusu baiskeli ya baba. Nimelificha miaka hamsini na mitatu, na daktari ameniambia, kwa upole wake wote, kwamba sina tena muda wa kulificha.

Ulipokuja kunijulia hali mwezi uliopita, siku tuliyokwenda kliniki, uliufunga mlango ukanishika mkono mpaka getini, ukaniomba radhi, ukarudi kuutikisa. Tulipokwisha kuingia kwenye teksi ukashuka tena. Dereva akacheka, akasema huyu mzee lazima ana dhahabu ndani. Wajukuu wako nao wanakuita Babu Kufuli, nawe unacheka pamoja nao. Siku ile mimi sikucheka. Machozi yalinitoka mle garini, ukadhani ni maumivu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukisafiri. Kutoka nyumbani hadi kiwanda cha nyuzi ni kilometa ishirini na mbili, na baiskeli ilikuwa moja, ile nyeusi ambayo baba aliiendesha mpaka mgongo ulipomkatalia. Tulijaribu kupakizana, wewe kwenye keria, miguu yako mirefu ikiburuta chini, mpaka rimu ya nyuma ikapinda kama sahani iliyokaliwa. Ndipo baba, seremala, mtu wa vipimo, akatugawia njia. Mmoja atangulie kwa baiskeli mpaka kwenye kibao cha kona, katikati kabisa ya safari, aifunge kwenye nguzo kwa mnyororo na kufuli, kisha amalizie kwa miguu. Wa pili atembee kutoka nyumbani, aikute pale, aifungue na kuiendesha. Kila mtu na ufunguo wake. Asubuhi ulitangulia wewe, jioni mimi. Basi tukasafiri pamoja miaka miwili bila kuwa pamoja. Tulikutana tu pale kwenye ukuta wa kiwanda, nikipiga kengele nyuma yako, nawe bila kugeuka unaniuliza kama ndege imetua salama.

Usilolijua ni jinsi nilivyoichoka njia ile. Wewe ulikuwa unafika umelowa umande mpaka magotini na bado unapiga mluzi. Mimi nilikuwa na vitabu vya mtihani wa ualimu, na kila jioni nilisinzia juu yake kabla sijafunua ukurasa wa pili. Karani wa kiwanda alikuwa na chumba cha kupangisha, hatua chache kutoka getini. Nilimwomba baba ruhusa mara tatu. Mara ya tatu hakuinua hata macho kutoka kwenye randa. Alisema baiskeli ipo, miguu ipo, chumba cha nini.

Asubuhi ile nilifika kiwandani kwa miguu, king'ora kimelia zamani, shati limenigandia mwilini. Nikakuambia baiskeli sikuikuta. Kwanza ulicheka, ukasema kaka leo umeamka na utani. Kisha nikaona kicheko kinakuishia usoni.

Jioni baba hakupiga kelele. Heri angepiga. Alituketisha kwenye benchi la karakana akauliza polepole, kama anayepima ubao. Nani aliiacha? Ukasema wewe. Uliifunga? Ukasema uliifunga. Akanigeukia mimi, akataka kujua kama pale chini niliona kipande cha mnyororo, kufuli lililovunjwa, hata unga wa chuma tu. Nikasema pale chini palikuwa safi. Huo haukuwa uongo. Baba akasema mwizi hakati mnyororo halafu akaokota na vumbi lake, kwa hiyo baiskeli haikufungwa. Akakuuliza tena kama una hakika. Uliitazama mikono yako, kisha ukasema unafikiri uliifunga. Nilikuona ukiacha kujiamini, pale pale mbele yangu.

Nilijiambia ni hasira ya wiki moja. Nikapata chumba cha karani, kwa kuwa sasa baba hakuwa na la kusema. Uliniomba tubanane humo, nikakujibu kwamba nina mtihani. Ukatembea njia nzima, kwenda na kurudi, siku kumi na saba, mpaka msimamizi alipochoka kukuona unaingia umechelewa, akakuachisha kazi. Mimi nikafaulu, nikawa mwalimu, nikawa mwalimu mkuu, nikastaafu kwa hotuba na makofi. Wewe ulirudi kwenye karakana ya baba, ukashika randa mpaka ukampita kwa ufundi. Lakini ufunguo wa mlango wa karakana hakukukabidhi hata siku moja. Alimpa mama. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, unasimama nje asubuhi na chombo cha kazi mkononi, ukimsubiri mama aje akufungulie. Nilikuwa nakuona kila likizo. Nilikuwa nakuletea mashati na viatu, nawe unawaambia majirani kaka yako ana moyo.

Baba alipokuwa anakata roho, mimi ndiye niliyemshika miguu. Nikasema moyoni, sasa. Sikusema.

Salamu zangu nazitanguliza hapa, maana nikishaandika yanayofuata sitakuwa na uso wa kumsalimia mtu. Mwambie shemeji nimekunywa chai yake miaka mingi kuliko nilivyostahili. Wanao wote wasalimie mmoja mmoja. Wajukuu waambie waliache lile jina. Sikuombi unisamehe, hilo ni lako, na ukiichana barua hii hakuna atakayekulaumu. Ninachotaka ni kwamba kesho ukifunga mlango wako, uondoke moja kwa moja.

Baiskeli ya baba ipo kwenye shimo la machimbo ya mawe, nyuma ya ile kona, chini ya maji, pamoja na mnyororo wake. Niliisukuma kwa mikono yangu. Kufuli nilishindwa kulitupa. Limo ndani ya kifurushi hiki, limeviringishwa kwenye kitambaa pamoja na ufunguo wangu. Baba hakuuliza ufunguo huo ulikuwa wapi siku ile. Wewe pia hukuuliza, kwa sababu ulikuwa mfukoni mwa kaka yako. Nilipofika kwenye kibao asubuhi ile, niliukuta mnyororo umezungushwa mara mbili kwenye nguzo, kama ilivyokuwa desturi yako, na kufuli limebana.

Uliifunga, mdogo wangu. Aliyeifungua ni mimi.

Kaka yako