Devota Alivyomsalimu Daktari wa Hispania

Sista Pilar,

Shikamoo. Ulikuwa unaivuta "marahaba" yako mpaka watoto wa hapa Mugoma wanakuamkia mara mbili mbili ili waisikie tena. Na mimi nimeisikia sasa hivi.

Devota amepata kazi. Devota wangu, yule uliyemfundisha Kihispania jikoni kwenu huku mnachambua maharage. Atawatafsiria madaktari wa kwenu Hispania watakaokuja Biharamulo. Mimi niliyeishia darasa la saba nimezaa mtu wa lugha nne, na parokia nzima inajua, maana nimeitangazia mwenyewe.

Nakumbuka kile kitabu chako cha kuwafundishia Waingereza Kihispania. Mtoto anasoma kwa Kiingereza, anajibu kwa Kihispania, halafu mimi ananieleza kwa Kihangaza. Siku moja akasema katika lugha yenu meza ni ya kike, kitabu ni cha kiume. Nikauliza, "Na jembe je?" Ukasema la kike. Nikakwambia, "Ndiyo maana wanaume wa huku hawaligusi." Ulicheka ukamwaga maharage yote.

Sasa sikia usaili. Daktari mkubwa, mwanamke, alipiga simu ya picha kutoka kwenu, mtu wa haraka. Devota akaanza kama tunavyoanza sisi: buenos días, ameamkaje, nyumbani hawajambo, mama mzazi anaendeleaje, mvua je. Maneno hayo ulimfundisha kwa sababu nilikung'ang'ania: asiyejua kusalimu asifundishwe kuomba. Daktari akavua miwani. Nikiwa mlangoni nikasema basi, nimemponza mwanangu.

Kumbe mama wa daktari alikuwa amevunjika nyonga, na kazini kwao hakuna aliyemuuliza. Wakaongea habari za huyo mama mpaka chaji ikakaribia kwisha. Maswali ya kazi yakaja mwishoni, na Devota akayajibu yote. Akachukuliwa.

Asante, Sista. Asante sana. Ningekuletea mkungu wa ndizi, lakini ndiyo hivyo.

Jumapili baada ya misa tutakuja na Devota kupalilia kaburi lako. Naahidi halitaota majani nikiwa hai. Nami nitakusalimu kwa Kihispania, nikikosea ucheke. Nitaanza kwa kumuulizia mama yako, yule aliyefariki ukiwa huku kwetu, ukashindwa kwenda kumzika. Sasa mko pamoja. ¿Cómo está su mamá? Mama mzazi anaendeleaje?

Jibu taratibu, sina haraka.

Lala salama, Sista wangu.

Mama Devota