Hodi ya Jukwaani

Kwa dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, tena za motomoto. Natumaini barua hii itakukuta u mzima pamoja na shemeji, na kwamba kile kikohozi chako kimeshakata tamaa. Sisi huku hatujambo. Mama mzima, bibi mzima na mdomo wake mzima, na mimi nipo, naendelea kula vya wazazi. Baba naye hajambo, ingawa najua hukuuliza.

Tangu uolewe na muuza milango ya alumini, jina lako halitajwi karakanani kwa baba. Mtu ametengeneza milango ya mbao maisha yake yote, halafu binti yake anamletea mkwe wa alumini! Bado anashikilia yale aliyoyasema siku ile ulipobeba sanduku, kwamba usije ukapiga hodi kwake. Mama akianza kulia, yeye huwasha mashine ya randa ili asimsikie. Sikukumbushi ili kukuumiza, ila bila hayo hutaelewa kilichotupata Jumamosi.

Mama alishona mapazia mapya ya ule ukumbi mkubwa wa maonyesho katikati ya jiji, nao wakampa tiketi za mchezo wa nyimbo, familia nzima. Baba alikataa katakata, kisha tukamfuma anapiga pasi suruali. Alisema anakwenda kuangalia pazia tu.

Tulikaa safu ya mbele kabisa. Bibi hakumaliza hata wimbo wa kwanza, akauliza kwa sauti kwa nini mtu akitaka maji lazima aimbe, na akiyakosa anaimba tena badala ya kwenda kuyatafuta. Waliokaa nyuma walimwomba anyamaze, naye akawajibu kwamba wao ndio wanaopiga kelele. Baba hakusikia wimbo hata mmoja. Macho yake yaliganda kwenye mlango uliokuwa pale jukwaani. Alininong'oneza kwamba ule si mlango, ni ubao mwembamba uliopakwa rangi, na bawaba zake zimefungwa upande ambao hata anayejifunza kazi asingethubutu. Kila mwigizaji alipoufungua, baba aliguna kama mtu aliyekanyagwa kidole.

Sasa sikiliza. Kuelekea mwisho, binti wa kwenye mchezo anarudi nyumbani baada ya kukosana na baba yake. Yule mzee amekaa kitini, ameupa mlango mgongo. Muziki ukakoma. Binti akapiga hodi. Mzee kimya. Hapo nikaona baba ameacha kuangalia bawaba. Binti akapiga hodi tena, mzee akafungua gazeti. Mama akanishika mkono kwa nguvu. Unajua tulivyofundishwa, hodi ya tatu isipojibiwa mgeni huenda zake. Binti akaita ya tatu, sauti imeshamkauka, akageuka na sanduku lake.

Dada, baba alisimama. Alisimama na suruali yake ya pasi, akanguruma ukumbi mzima ukasikia: "Karibu, mwanangu! Ingia, hapa ni kwenu!"

Watu walivunjika mbavu. Binti wa watu alichanganyikiwa, akaingia kweli, na kumbe alitakiwa kuimba wimbo mzima wa kuondoka. Mzee wa jukwaani aliduwaa na gazeti lake, wapiga ala wakabaki wanatazamana. Bibi alipiga makofi, akasema afadhali, sasa tutawahi nyumbani.

Baba alikaa, akajifunika uso kwa leso. Nilidhani ni aibu, mpaka nilipoona mabega yanatikisika. Alikuwa analia, dada yangu. Nami nikalia, na mama ndio usiseme.

Asubuhi tulikuta baba ameung'oa mlango wetu wa mbele, ule unaokwama, ambao wewe ulizoea kuupiga teke na mama ameomba urekebishwe mpaka akachoka. Alikuwa ameupeleka karakana, anaupunguza kwa chini. Alisema mlango unaokwama unafukuza wageni. Mama akamuuliza wageni gani. Baba akawasha mashine.

Sasa nikuambie ukweli. Nilikusudia kukuandikia kwa siri, lakini amenifuma hapa mezani. Nilijua barua itachanwa. Ameisoma yote, wima, kisha akachomoa ile penseli yake sikioni. Kwa hiyo pale nilipoandika kwamba alikuwa analia, ukiona pamekatwa na juu yake pameandikwa "alikuwa na mafua", utajua ni mwandiko wa nani. Ameongeza na maneno yake huku chini, akanikataza kuyagusa.

Mama anakusalimu sana, anasema anakuota. Bibi anasema ukija, ukitaka maji uombe tu, usiimbe. Mfikishie shemeji salamu zangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba

Mje wote wawili. Alumini iacheni hukohuko. Hodi moja inatosha.