Meno ya Mumiani

Jumapili, 17 Novemba 1963

Nimepata kazi ya pili. Mchana najaza mapipa ya mafuta; jioni, kuanzia sasa, nitanyonya damu ya watu. Mwalimu Obeid anatayarisha mchezo wa sherehe za Uhuru hapa Changamwe, na mchezo unataka mumiani. Akatutazama mmoja mmoja ukumbini, macho yakatua kwangu. Kwenye meno yangu, hasa. Kinyago hatutahitaji, akasema. Ahsante sana, mwalimu!

Meno haya alinichonga mjomba, kule Kitui, kwa patasi. Nilikuwa mtoto. Nikaambiwa nitapendeza. Hakuna aliyeniuliza.

Jumatano, 20 Novemba

Mazoezi. Nimeuliza swali – kosa kubwa! Huyu mumiani alianzaje? Obeid akasema hakuanza popote, ni mbaya tu, roho yake yapenda damu. Nikasema mumiani tunayemsikia mitaani hainywi hiyo damu, anaiuza ikatengenezwe dawa. Basi ana tajiri wake. Analipwa kwa mwezi au kwa chupa? Likizo anapewa? Absalom, anayecheza polisi, alicheka mpaka akaangusha bunduki yake ya mbao.

Obeid hakucheka. Mtu huchagua ubaya mwenyewe, akasema, ndiyo maana anahukumiwa. Nikamwambia wengine hubebeshwa. Akaniambia nirudie kicheko, hakijatisha.

Jumatatu, 25 Novemba

Bi Mwanatatu, mwenye nyumba wetu, amekuja kumkanda Margret. Ni mkunga wa mtaa mzima, na mke wangu hataki kusikia habari za hospitali; mtoto wetu wa kwanza lazima apokewe na mikono ile ile. Sawa. Lakini amesikia habari za mchezo. Akasema mambo ya mumiani hayachezewi, nimwambie mwalimu atafute mwingine.

Alipotoka, Margret naye: bado unaweza kukataa. Kukataa! Miaka yote hii nani amewahi kukaa kwenye kiti kumtazama mtu wa mapipa?

Jumapili, 8 Desemba

Jana tumecheza. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Kwenye mchezo natakiwa kucheka mara moja tu, kisha nipigwe risasi. Nikacheka. Watu wa mbele wakarudi nyuma, viti vikagongana. Ilikuwa tamu, wallahi (Changamwe imeshaniambukiza viapo vyake). Nikacheka tena. Absalom ananong'ona, kufa basi, kufa! Sikufa. Nikashuka jukwaani, nikamwinamia Bi Mwanatatu aliyekaa mstari wa mbele, nikamwonyesha meno yote, moja baada ya moja. Mayowe! Halafu makofi ambayo sijapata kuyasikia maishani.

Bi Mwanatatu hakupiga makofi. Alijifunika buibui lake akatoka.

Nimekufa vizuri sana, kila mtu anasema. Usingizi ndio haukuja. Meno nilibebeshwa, hilo nitalisema hata mahakamani. Lakini kushuka zile ngazi za jukwaa, mjomba hakunishika mkono.

Jumanne, 10 Desemba

Bombani wanawake wamevuta ndoo zao wakaniacha nichote kwanza. Heshima hiyo! Hata diwani hapewi.

Bi Mwanatatu hajaja kumtazama Margret tangu Jumamosi. Nimepiga hodi, amejibu kupitia dirishani kwamba kichwa kinamuuma. Margret hasemi nami. Kaniuliza neno moja tu: na uchungu ukianza leo? Naogopa.

Alhamisi, 12 Desemba

Uhuru! Na uchungu umeanza asubuhi hii hii – mtoto mzalendo kweli. Malori yote yamepeleka watu mjini kisiwani kusherehekea. Hakuna gari, hakuna jirani, nimebaki na mlango mmoja tu wa kubisha.

Shikamoo, mama. Nilisema nimeziba mdomo kwa kiganja. Bi Mwanatatu akafungua kidogo, akanitazama.

"Toa mkono, Musyoka. Hayo meno nayajua, hapa wamepita Wakamba tele na meno yao na sijamkimbia hata mmoja. Nambia kweli: kile kicheko uliamrishwa na mwalimu, ama ni chako mwenyewe?"

Nikaanza kumtaja mjomba. Akanikatiza.

"Sikukuuliza meno. Nimekuuliza kicheko. Mkeo simnyimi mikono yangu, yeye hana kosa. Lakini mwanao sitakupa mpaka unijibu."

Akachukua kikapu chake akaingia kwa Margret, akafunga komeo. Nipo hapa kizingitini na kalamu. Nikisema niliamrishwa, Obeid yuko kisiwani na bendera, hawezi kunikanusha. Ni rahisi. Nikisema changu...

Margret amepiga kelele. Sasa kimya. Kimya kirefu mno. Ee Mungu, mtu wa mapipa anakuomba.

Analia! Mtoto analia!

Na mimi hapa mdomo umeachama kwa kicheko, meno yote nje, wala hakuna aliyeniamrisha. Nimejaribu kuufunga, haufungiki. Komeo linavutwa