Mume Wangu ni Mhitimu Bora, ila Mwiko Haujui

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijapoteza kazi ama kuvunja ndoa. Mimi ni mtathmini katika shirika lililokuwa likifundisha wanaume kusaidia kazi za nyumbani, na mume wangu, fundi simu, alijiunga, hakukosa kipindi hata kimoja pale ukumbini, na siku ya kufunga akapewa kipaza sauti akaueleza mzigo wa mwanamke mpaka jirani yetu, mke wa seremala, akafuta machozi na kuniambia nina bahati, nami nikatabasamu tu, maana mwenye bahati huyo ndiye aliyeamka alfajiri kupiga pasi shati la hotuba.

Sasa mkuu wangu ameniagiza nipime kama mafunzo yamezaa matunda. Nikaanza na waume, wote wakasema wanapika, wanafua, wanaogesha watoto, nikafurahi, halafu nikaenda kuhakikisha kwa wake zao, na mke wa seremala akacheka mpaka akakaa chini, akamwita mumewe atuwashie jiko, naye akaanza kutafuta kiberiti kwenye kabati la nguo. Kisha kura ya nyumba za kutembelewa ikaiangukia na yetu, mume wangu akapata habari, jioni hiyo akaja na aproni mpya, akaniuliza kwa sauti ya chini mwiko ni upi na upawa ni upi, maana shirika limemwahidi ualimu katika awamu ya pili ya mafunzo, na tangu duka alilokuwa akifanyia kazi lifungwe hana kibarua. "Mama Pacha," akaniambia, "andika tu kwamba najitahidi." Mama mkwe naye akapiga simu kunikumbusha kwamba mke mwema hamvui mumewe nguo mbele za watu. Nampenda mume wangu, na kazi hiyo tunaihitaji, lakini nikiandika uongo, wanawake wa mitaa mingine wataletewa hotuba hizihizi. Nifanyeje?

Mama Pacha

Mama Pacha, pole, lakini kwanza nikugombeze. Uliwauliza wanaume kama wanafua, ukategemea wajibu nini? Fisi haulizwi habari za mbuzi. Na ulipoona nyumba yako imo, ulipaswa kwenda kwa mkuu wako siku hiyohiyo. Huwezi kuwa mwonjaji wa chakula na mke wa mpishi, halafu utake tukuamini.

Mumeo simwiti mwongo. Umesema mafunzo yalikuwa ukumbini. Sijasikia jiko wala beseni. Basi wanaume hao wamejifunza walichofundishwa, yaani kuhutubia. Hilo ndilo la kuandika, bila kumtaja mtu.

Kesho mweleze mkuu wako kila kitu, ahadi ya ajira ikiwemo. Nyumba yako aipime mwenzako, na aje bila taarifa. Kwingine rudini upya: mke aulizwe akiwa peke yake, na mume asiulizwe kitu, aombwe chai. Mama mkwe mjibu kwa adabu kwamba hujamvua mwanawe nguo, umemwomba tu azifue.

Mumeo mwambie ukweli wewe mwenyewe kabla hajausikia ofisini. Atanuna; mwache anune, njaa itamtoa. Ripoti yako ipendekeze awamu ya pili ifanyike jikoni, na jina lake liwe la kwanza kuandikishwa. Upande wa wanafunzi.