Kilomita Thelathini za Alhamisi

Jumatatu, 3 Machi
Kukamua, chai, halafu uwanjani Kiplombe. Pasi mia mbili ukutani, mguu wa kushoto tu. Kocha wa timu ya taifa amepiga simu nikiwa hapo. Nifike kambini Nairobi Jumamosi. Jumapili kuna jaribio la mbio, halafu anataja kikosi. Nina miaka thelathini na mbili. Miaka kumi na moja nimevaa namba nane ya nchi hii. Nikiachwa sasa, sitaitwa tena.

Jumatano, 5
Pumzi inanitia hofu. Kaka yangu Kibet, mkimbiaji wa marathoni, amenicheka. "Shida yako ni pumzi tu. Kuja kesho long run na sisi, hiyo test utaona ni mchezo." Hapa kwetu hata mwenye mafua huambiwa akakimbie. Baba naye alikuwa mkimbiaji. Hajawahi kuja kuona mechi yangu hata moja. Kwake mpira ni kuzungukazunguka. Nimekubali kwenda.

Alhamisi, 6
Kilomita thelathini, kuelekea Soy na kurudi. Wa mwisho, lakini nimemaliza. Nimejisikia bingwa hadi saa nne. Kisha shavu la mguu wa kulia likakaza.

Ijumaa, 7
Nachechemea. Maji moto na chumvi. Nimemdanganya Mama kwamba ng'ombe amenipiga teke. Mchezaji wa miaka yote hii, siku tatu kabla ya jaribio, anakimbia mazoezi ya watu wengine. Nimejikasirikia hadi chakula kikanishinda.

Jumapili, 9. Nairobi
Nimepita. Bendeji chini ya soksi, meno nimeyauma. Jina langu limesomwa: naanza kwenye mechi ya Jumatano. Nanjala, msichana wa Kesses niliyemfundisha mwenyewe kupokea mpira akigeuka, yuko benchi. Amenikumbatia. Sikuona raha.

Jumatatu, 10
Mazoezini nimegeuka na mpira, kitu kikachanika mguuni. Hakuna aliyeona. Nikinyamaza, nitaanguka mapema na kuwaharibia wenzangu mechi. Nikisema, nimekwisha. Naogopa. Nachukia kwamba najua la kufanya.

Jumanne, 11
Nimemwambia kocha. Akasema, "Ungeniambia mapema, Jerop." Habari ya kilomita thelathini sikuitaja, kwa aibu. Jezi nimempa Nanjala mkononi. Nimelia chooni, nikanawa, nikapanda gari la kurudi.

Jumatano, 12. Nyumbani
Mguu juu ya stuli. Mama ananiambia kwamba Jumapili, Baba aliposikia nimetajwa, alienda mwenyewe dukani kununua betri za redio. Leo nilidhani atazirudisha.
Saa kumi ameingia na redio, akaiweka kati yetu. Mtangazaji akasoma majina. Nanjala, namba nane. Baba akasogeza kiti.
"Hiyo namba nane," akauliza, "kazi yake ni ipi hasa?"
Nikaanza kumweleza.